Mchele ule alikuwa ameshauchagua

Kwa karibu mwezi mzima nilimdanganya mama yangu kwa kilo mbili za mchele.

Kila siku baada ya alasiri nilimwekea ungo mapajani naye akachagua: mawe huku, chenga huku, punje zenye maganda huku. Vidole vilijua kazi hata siku ambazo mwenyewe hakujua mwezi wala mwaka. Akimaliza nauchukua ungo, namshukuru, napeleka jikoni. Usiku akishalala, nachanganya mawe yaleyale na chenga zilezile kwenye mchele uleule, tayari kwa kesho. Nilikuwa nimesoma kwamba mgonjwa wa usahaulifu apewe kazi aliyoizoea tangu ujanani. Mchele ninao, ungo ninao, nikajiona nimepata tiba ya bure.

Jumatano moja mkono wake ukasimama katikati ya ungo. Akaokota kijiwe chekundu, kama kipande cha tofali, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki nilikitoa jana."

Nikanyamaza.

"Mchele huu nimeshauchagua. Mnanichezea?"

Akausukuma ungo, na hakuugusa tena kwa majuma matatu. Huyu ni mtu ambaye asubuhi ya siku hiyohiyo aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zina mzee wa namna hii, na kuna mtu ndani yake anayekesha na simu akitafuta "tiba ya kusahau isiyo ya dawa". Mimi si daktari. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka 27, na ualimu huo, kama mtakavyoona, ndio ulionipotosha kuliko ujinga wangu wa mambo ya ubongo.

Ilianza polepole. Chumvi kwenye chai. Chai mara ya pili wakati ya kwanza haijapoa. Kisha siku moja akatoka kwenda kununua nazi, akarudishwa na kijana wa bodaboda aliyemkuta amekaa barazani kwa watu, kaikunja kanga yake vizuri, anasubiri. Majirani hapa Ngamiani, Tanga mjini, wakasema uzee. Wageni wakija wanatoka wakisema, "Mbona mzima tu?" Na kweli, ukimpa shikamoo anaitikia "Marahaba, hujambo, watoto hawajambo?" bila kukosea hata moja. Ilinichukua muda kujua kwamba salamu ndicho kitu cha mwisho kutoka. Mtu anaweza kukuitikia vizuri kabisa na asikujue.

Hospitali ya kwanza nilijibiwa uzee vilevile, kwa dakika tano. Ya pili nikapata daktari aliyekaa naye. Alimpima presha, sukari, damu na tezi, akamwomba ataje wanyama wote anaowajua (mama akaanza na mbuzi, akataja samaki tisa, akarudi kwa mbuzi), kisha akampangia njiti za kiberiti kwa umbo fulani na kumwambia apange kama zile. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kuna kipimo chenye zoezi la njiti kilichotengenezewa hapahapa nchini, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao hawakushika kalamu. Mama alisoma chuo cha Kurani tu, kwa herufi za Kiarabu. Ungempa karatasi na kumwambia achore saa, angefeli hata kabla ya kuugua.

Daktari akasema ni demenshia, pengine ya aina mbili kwa pamoja: Alzheimer, na ile inayotokana na mishipa ya damu kuharibiwa na presha ya miaka mingi. Kuna vidonge vinavyosaidia dalili kidogo kwa baadhi ya watu, akasema, lakini hakuna kinachourudisha ubongo nyuma. Za presha asiache hata siku moja. Hili la mwisho nalirudia kwa kila anayeniuliza, maana wapo wanaosikia "tiba isiyo ya dawa" wakatupa hata vidonge vinavyomlinda mzee na kiharusi.

Nyumbani kila mtu akaja na lake. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam akatuma chupa tatu za vidonge vya majani ya ginkgo, kila moja bei ya gunia la mkaa. Nikamtumia habari ya utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2008: wazee 3,069 wa miaka 75 na zaidi, nusu wakapewa ginkgo na nusu vidonge vitupu kwa miaka kadhaa, na demenshia ikawapata sawasawa. Akanijibu, "Kwa hiyo unataka tukae tu?" Mama mdogo yeye akataka kisomo. Hapo sikubishana, na nashukuru. Walikuja wanawake kumi na wawili, chumba kikajaa udi, wakasoma Yasin, na mama akasoma nao mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa. Usiku ule alilala hadi alfajiri. Katika kaunta buku langu niliandika: "Watu wengi. Sauti anayoijua. Hakuulizwa kitu." Sikuelewa uzito wa hiyo sentensi ya tatu mpaka miezi minne baadaye.

Maana mimi nilikuwa namuuliza. Kila asubuhi. Leo siku gani, Mama? Huu mwezi gani? Mimi ni nani? Tumekula nini jana? Nilikuwa nimesikia kwamba ubongo ni kama msuli, ukiutumia unakaza, basi nikaufanyisha mtihani. Na kalamu nyekundu nilikuwa nayo, Mungu anisamehe. Natia vema na kosa kwenye kaunta buku, naye ananitazama. Akipata tatu kati ya kumi nasema "Vizuri sana!" kwa ile sauti ya darasani. Siku moja akasema taratibu, "Mwalimu, naomba ruhusa nikakojoe." Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Kilichonishtua nikaacha ni kusoma vizuri kile nilichodhani ndicho ninachofanya. Kuna tiba inayoitwa kwa Kiingereza Cognitive Stimulation Therapy, tuseme kuchangamsha fikra. Aimee Spector na wenzake walichapisha matokeo yake Uingereza mwaka 2003: watu watano hadi wanane, mara mbili kwa juma, majuma saba, jumla vikao 14 vya dakika kama 45. Mwaka 2023 tafiti 37 zenye watu 2,766 zilijumlishwa pamoja, ikaonekana tofauti ndogo lakini ya kweli, kama vile ugonjwa umecheleweshwa kwa takriban miezi sita. Miezi sita! Wengine watasema ni kidogo. Kwa mwenye mzee ndani, miezi sita ni Ramadhani moja zaidi anayokujua. Na iliwahi kujaribiwa kwetu. Huko Hai watafiti waliirekebisha, kwa kuwa wazee wengi hawakusoma na macho yao yalikuwa yamechoka, kisha wakaijaribu kwa watu 34. Uwezo wa kufikiri ukapanda, wasiwasi na vurugu vikapungua. Watu 34 ni wachache, na mimi nisingemwambia mtu kwamba jambo limethibitika kwa hao peke yao. Ila walikuwa wazee wa vijijini kama wetu.

Sasa, kanuni moja ya tiba hiyo ni hii: omba maoni, usiombe majibu. Usimuulize mtu kitu chenye sahihi na kosa. Nilisoma mstari huo nimekaa kwenye ngazi za uani saa nane usiku, na kaunta buku langu lenye vema na makosa liko pembeni.

Asubuhi yake nilifungua sanduku la mama. Nikatoa kanga mbili kuukuu, nikazitandaza kitandani. Nikasema tu, "Mama, mimi nimeshindwa. Ipi nzuri?"

Alizipapasa. Herufi za kirumi hazisomi vizuri, lakini kanga alikuwa anazitambua kwa mji na pindo, kama mtu anavyotambua sura. Akagusa moja: "Wema hauozi. Hii ya msiba, si ya kutokea." Akagusa ya pili, yenye korosho pembeni, akacheka kwa puani. "Hasidi hana sababu. Hii niliivaa makusudi, apite aione."

"Nani, Mama?"

"Si mke mwenzangu yule wa Muheza."

Nina umri wa miaka 54. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu aliwahi kuwa na mke mwenza. Tukakaa pale hadi adhuhuri, kanga baada ya kanga. Alikumbuka nani alikuwa na shepu, nani alikuwa na mdomo, nani alilipa deni na nani hakulipa. Siku ile alikula vizuri, hakupiga kelele magharibi. Mimi usiku sikulala. Baba yangu mzazi, niliyemzika kwa heshima zote, alikuwa na nyumba Muheza. Baadaye niliposoma kwamba Uingereza walijaribu vikundi vya kukumbushana ya zamani kwa jozi 488 za wagonjwa na ndugu zao, na kwamba wagonjwa hawakunufaika kwa kipimo chochote ila ndugu ndio waliozidi wasiwasi, nilicheka peke yangu. Kumbe si mimi tu.

Nikaamua kuunda kikundi. Bibi watatu wa mtaani, pamoja na mama, Jumanne na Ijumaa, kwenye mkeka chini ya mwembe wa uani. Kikundi kinatakiwa kiwe na jina na wimbo wake. Wakajiita Vigoli. Wanne wale, wa mwisho kuvunja ungo alivunja kabla ya uhuru, nao wanajiita vigoli! Wimbo wakachagua kasida ya maulidi. Siku moja tulinusa viungo kwenye vikopo, iliki, mdalasini, karafuu, wakabishana ipi ya pilau na ipi ya chai kwa ukali wa bungeni. Siku nyingine sauti: mbuzi ya nazi, pampu ya baiskeli, honi ya treni niliyoipakua kwenye simu. Mmoja wa bibi hao hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuja kwa ajili ya maandazi, na ndiye aliyefanya kikao kiende.

Katika majuma yale sita ya mwanzo mama alikaa kama aliyechoka, anajibu pembeni. Nikaandika "hapati faida". Kumbe masikio yalikuwa yamejaa nta. Muuguzi aliyasafisha kwa dakika ishirini, na juma lililofuata mama akamkatiza mwenzake katikati ya sentensi kumwambia ni mwongo. Orodha ya mambo 14 yanayochangia demenshia, iliyotolewa na jopo la jarida la Lancet mwaka 2024, ina usikivu na macho ndani yake. Mimi nilikuwa nimesoma tafiti za Marekani na Uingereza, sijachungulia sikio la mama yangu.

Na kwa kuwa nimefika kwenye makosa, niseme na hili la utafiti wenyewe. Nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Naanza matembezi, napunguza chai ya jioni, nahamisha kitanda, yote Jumatatu. Ijumaa amelala vizuri, nami sijui nishukuru kipi. Ikabidi nijiwekee sheria ya kitu kimoja kwa wiki mbili. Mazoezi kwa mfano. Nilikuwa namkokota kila asubuhi kwa mwendo wa kasi, ananung'unika njia nzima, kwa imani kwamba kutembea kunazuia ugonjwa. Waingereza walijaribu mazoezi makali kwa watu 494 waliokwisha kuugua, wakachapisha mwaka 2018: miili iliimarika, lakini akili haikupona, na kwa kipimo kimoja walirudi nyuma kidogo kuliko wasiofanya. Nikaacha kasi. Sasa tunapanda bajaji hadi Raskazone, tunatembea kadiri anavyotaka akiangalia ngalawa, tunarudi. Analala vizuri siku hizo. Hilo ndilo ninaloweza kuliandika, zaidi ya hapo sina.

Kuna siku moja ambayo bado inanichoma. Ilikuwa Ramadhani. Daktari alishasema asifunge, lakini yeye alikuwa anasahau kwamba ameshakula uji na anakataa maji akijua amefunga. Ndani ya siku mbili akabadilika mtu mzima: anaona watu darini, hanijui hata kwa sauti, anararua shuka. Mimi nikadhani ugonjwa umepanda daraja, nikazidisha shughuli, kanga, viungo, nyimbo, hadi akanipiga kofi. Zahanati ya kwanza wakampa vidonge vya kumtuliza, akawa kama gogo. Kesho yake tukampeleka kwingine, wakapima mkojo. UTI. Siku tano za dawa na maji, akarudi alipokuwa. Tangu hapo kwangu, mabadiliko ya miezi ni demenshia, mabadiliko ya siku mbili ni kitu kingine, na kitu hicho kinatafutwa hospitali, kwa dawa ikibidi. Vile vidonge vya kutuliza pia nikaenda kusoma. Baadhi ya dawa za aina hiyo, zinazotengenezwa kwa wagonjwa wa akili, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo mwaka 2005 kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye demenshia. Sikuambiwa nilipopewa. Nami sikuuliza.

Mchele, narudi kwenye mchele. Baada ya Jumatano ile nilijaribu kuomba radhi, naye alishasahau kosa ila hasira ilibaki. Akiuona ungo anageuza uso. Ndipo mmoja wa Vigoli akaleta miyaa, akasema ana mkeka wa kumalizia na mikono yake inamuuma. Hakumfanyia mama hisani, alihitaji ukili kweli. Mama akasuka. Wa kwanza ulikwenda upogo, mwenye mkeka akaufumua mbele yake akamwambia arudie, nami nikashika roho. Akarudia. Pima baada ya pima, kwa miezi mitatu. Mkeka ule umetandikwa kwa jirani hadi leo, na kila tukipita mama anauangalia bila kujua kwa nini anauangalia.

Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2017, uliwachukua ndugu wa wagonjwa 356 wakawafundisha kufanya tiba hii wenyewe nyumbani, nusu saa mara tatu kwa juma. Mara ya kwanza kuusoma nilifunga simu kwa hasira, kwa sababu kumbukumbu za wagonjwa hazikupanda. Mwaka mmoja baadaye niliurudia. Kulikuwa na sehemu niliyoiruka: wagonjwa wale walisema wanaelewana zaidi na ndugu zao. Nikachukua kaunta buku, nikahesabu. Kurasa 140 nilizopima siku, mwezi na majina, hakuna hata moja niliyoandika kama siku ile tulielewana.

Sasa ukili hausuki tena. Anaushika tu, anaupitisha vidoleni kama tasbihi. Vigoli wamebaki wawili. Magharibi ndiyo ngumu: taa zikiwashwa anasimama, anajifunga kanga, anataka kwenda kwao Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Zamani nilikuwa namwambia ukweli, kwamba kwao ni hapa, kwamba wazazi wake wamekufa, na kila mara alikuwa anawalia upya. Ni yule binti anayetusaidia kazi, ambaye hajasoma utafiti hata mmoja ila kazaliwa Pangani, aliyemwambia jioni moja akiwa anaosha vyombo: "Bibi, pantoni imeshalala ng'ambo." Mama akakaa. Nami bado sijui kama huo nao ni mchele uleule. Ninachofanya ni kutolitumia peke yake; nakaa chini, namuuliza Bweni kukoje.

Jana alinieleza minazi, na kisima, na mbwa wa Mzungu wa shamba la mkonge. Kisha akaniangalia muda mrefu.

"Basi tulale hapahapa kwa watu. Na wewe, huna kwenu?"

"Ninako," nikamwambia.

"Mama yako atakuwa anakutafuta."

Akanisogezea nusu ya mkeka.